Kichaka cha Miiba Mpakani mwa Shamba

Kila msomaji wetu aliyekulia katika vilima vya Bukavu avijua vile vichaka vya miiba vitoavyo matunda madogo, mekundu au meusi, ambayo watoto huyachuma hata vidole vikapata rangi. Wataalamu wa mimea huviita Rubus. Majirani zetu wa Rwanda huyaita matunda yake inkeri. Kila tunda ni mkusanyiko wa vitunda vingi vilivyoshikamana, kila kimoja na mbegu yake. Ndege huyala, mbegu huziangusha kando ya mifereji na mipakani, na hivyo kichaka huota bila kupandwa na mtu.

Mwenye shamba akikikuta hukifyeka. Hatumlaumu upesi. Mashamba yetu ni madogo, na tawi refu likiinama na kugusa udongo hutoa mizizi. Ukizembea misimu miwili, maharagwe yako yamezingirwa. Lakini wako wakiachao, kisha wakasema hakizai. Sababu ni panga. Kwa kawaida shina jipya hutoa majani tu. Matunda huja baadaye, katika vitawi vyake vya ubavuni, na likiisha kuzaa hunyauka. Basi yule afyekaye yote sawasawa kila mwaka hukata matunda ya mwaka ujao.

Yafaa kukata, chini kabisa, shina lililokwisha kuzaa; kuacha machipukizi manne au matano yenye nguvu; na kuyafunga kwenye ua, ncha zisiguse chini. Kiangazi, Juni hadi Agosti, mizizi ifunikwe kwa majani makavu. Mahali pake ni mpakani penye mteremko, ambapo mizizi husaidia kushika udongo mvua za Septemba zianzapo; katikati ya shamba, hapana. Wala hakuna haja ya kwenda kung'oa miche katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, ambamo kuchukua mimea kumekatazwa. Ndege wamekwisha kutuletea.

Fedha nyingi tusitazamie. Tunda hili likiisha kuiva halivumilii safari. Likibebwa kikapuni hadi soko la Kadutu, yale ya chini husagika. Akina mama wengine huyapika kwa sukari, ingawa sukari nayo ina bei yake. Yachumwe asubuhi, umande ukiisha kukauka, yaliwe siku hiyohiyo. Kwa hiyo wafaidio hasa ni watoto wa nyumbani, na wengi wao, sisi walimu twajua, hurudi kutoka shuleni adhuhuri hawajaonja kitu tangu alfajiri. Twawaomba akina baba, kabla ya kunoa panga, wawaulize watoto hao ni kichaka kipi wakichumacho.