Jalada la Mgonjwa Linapohifadhiwa Katika Wingu

Mgonjwa mwenye mzio wa penisilini hutegemea taarifa hiyo ionekane kila anapotibiwa. Katika hospitali zinazotumia majalada ya kielektroniki, taarifa hukaa ndani ya seva. Programu maalumu huweza kuigawa seva moja ikafanya kazi kama seva kadhaa zinazojitegemea, ziitwazo seva pepe. Wingu ni seva za namna hiyo zinazomilikiwa na kampuni nyingine na kutumiwa kwa malipo kupitia intaneti.

Kampuni hizo hushirikiana. VMware, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ilikuwa na programu ya seva pepe. Amazon ilikuwa na vituo vikubwa vya seva. Zilitangaza ushirikiano Oktoba 2016, na huduma ikaanza Agosti 2017. Taasisi ziliweza kuhamishia seva pepe zao katika wingu bila kuandika upya programu zao.

Hata hivyo, mikataba hubadilika. Novemba 2023 Broadcom iliinunua VMware. Mwezi uliofuata ikasitisha uuzaji wa leseni za kudumu, na mahali pake pakawa malipo ya vipindi.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, uongozi wa hospitali uulize: taarifa zitakaa nchi gani? Nakala za akiba ziko wapi? Tukiondoka, tutazichukuaje? Wahudumu nao wawe na fomu za karatasi, mtandao unapokatika. Nawe mgonjwa, nchini Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumiwaje.