Maji ya Kariakoo Yanatoka Wapi?

Huenda umewahi kupeleka mazao Kariakoo, Dar es Salaam. Pale utamwona mama lishe akifungua bomba na kuosha sahani. Je, maji hayo yanatoka wapi? Maji mengi ya bomba mjini yanatoka mto Ruvu, na mto huo huanzia milima ya Uluguru, mkoa wa Morogoro.

Upepo wa baharini huleta mawingu. Mawingu hukutana na milima, hupanda juu, hupoa, na mvua hunyesha. Upande wa mashariki wa milima hupata zaidi ya mita 2 za mvua kwa mwaka. Maji hayo kama yangesimama mahali yaliponyesha, yangemzidi mtu kimo! Upande wa pili, bonde la mto Ngerengere ni kavu. Mvua yake haifiki mita 1.

Sasa utazame msitu. Matone hupiga majani kwanza, kisha huanguka polepole, na ardhi huyanywa. Ardhi ya msitu ni kama mtungi wenye tundu dogo. Hujaa wakati wa masika, huvuja taratibu wakati wa kiangazi. Ndiyo maana chemchemi hutoa maji hata mwezi Septemba. Msitu ukifyekwa, maji hukimbia na udongo. Mto hufurika siku chache, kisha hupungua.

Karibu na pwani, mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huvuta maji ya mto. Ruvu Chini peke yake huweza kutoa lita milioni 270 kwa siku. Lakini mtambo hautengenezi maji. Mwaka 2022 vuli ilichelewa, mto ukapungua sana, na mwezi Oktoba mji ukaingia katika mgao. Watu walipanga foleni na madumu. Wauza maji walipata wateja, mama lishe walipata hasara.

Na mkulima wa Uluguru je? Shamba lake ni dogo, nalo liko mlimani. Akiacha kulima kando ya chemchemi, yeye hupoteza mavuno, na anayepata maji yuko mbali, Kariakoo. Miaka ya 2000 ulianzishwa mpango huko Kibungo Juu. Wakulima walichimba makinga maji na kupanda miti, wakalipwa fedha. Sehemu ya fedha hizo ilitoka shirika la maji la Dar es Salaam. Kila shamba lilipimwa, na malipo yalitegemea ukubwa wake na kazi iliyofanywa.