Campo Unacheki Jumanne

Portal ya KUCCPS, ile ya kuchagua course za campo, ikifunguka tu, ploti yote inageuka career office. Mama mboga anataka uende nursing. Pastor anataka law. Halafu kuna Anko. Kila familia iko na huyu Anko: alimaliza campo miaka ya themanini, bado ako na ile suti, na advice yake ni moja. "Enda Nairobi University. Sisi tulikuwa tunakula sausage asubuhi."

Anko, tulia. Hizo sausage zilikuwa za gava. Mapema miaka ya tisini gava ikaleta cost sharing, comrades wakaanza kulipia kila sahani, story ikaisha. Mtu anakuchagulia campo juu ya menu ya kitambo, na ako serious!

Sasa skiza, mtu wangu. Course itaamuliwa na grade yako, hapo hakuna mjadala, cluster points hazina huruma. Lakini kama kuna campo tatu zinafunza hiyo course, weka first ile comrades wake wanaishi poa. Unaenda kukaa huko miaka minne. Engineering mitano. Medicine sita. Huwezi boeka miaka sita juu mtu alikula sausage.

Fathe naye ako na karata yake: ranking. Amefungua Webometrics kwa simu, ameongeza fonts, anakusomea namba. Muulize pole pole inapima nini. Hiyo ranking ilianzia Spain 2004, na nusu ya marks ni vile website za watu wengine zimelink website ya campo. Marks zingine nyingi ni research za malecturer zenye wasomi wenzao wamequote. Ni kazi ya maana, sikatai. Lakini hakuna comrade hata mmoja ameulizwa kama maji huwa kwa hostel.

Na usidhani TikTok ni afadhali. Room tour ya dakika moja, taa za rangi, Arbantone kwa background, bed imetandikwa mara ya kwanza tangu sem ianze. Utaingia box. Culture week pia usiende. Culture week kila campo inakaa sherehe, kila dem amependeza, kila boy ana luku mpya ya Gikosh, hata wale huwa hawasalimiani wanapiga picha pamoja. Freshers' night, hivyo hivyo.

Enda Jumanne. Jumanne ya kawaida, katikati ya sem, hakuna bash, hakuna CAT. Monday watu bado wana usingizi, Friday kila mtu akili iko tao. Jumanne ndio campo inaonekana vile iko. Tafuta mtu wa mtaa mwenye anasoma huko, acha ID kwa gate, ingia. Fika saa tano asubuhi, toka usiku.

Kitu ya kwanza, cheki watu wanakaa wapi wakiwa hawana class. Hii ndio test yangu mimi na sijawahi ona ikikosea. Kama kuna vikundi kwa nyasi, wengine wanabishana EPL, wengine wanasoma, mmoja amelala na kitabu usoni, hapo kuna maisha. Kama lecture ikiisha kila mtu anaweka earphones anakimbia stage, hiyo ni ofisi na unalipa fees kuingia. Utamaliza degree na usijue jina la mtu wa kiti ya nyuma.

Ingia mess. Agiza chapo madondo, kaa karibu na kelele. Comrades watalalamika, hiyo ni kawaida, comrade mwenye halalamiki ni mgonjwa. Skiza wanalalamika aje. Wakiteta kwa sauti, na jokes ndani, na kila mtu anaongeza yake, jua wako free. Ukiuliza swali mtu anaangalia kushoto na kulia kwanza ndio ajibu, hapo kuna noma. Uliza pia student leader wao ni nani. Sheria ya 2016 iliondoa ile ya comrades kuchagua president moja kwa moja, ikaleta delegates wa kupiga kura ya mwisho.  Lakini ukiuliza meza nzima na hakuna anajua jina la leader, maji ikipotea wiki mbili nani atabisha kwa ofisi? Anko atakwambia siasa ya campo ni mawe na teargas tu. Lakini maji ikikosa lazima kuwe na mtu wa kuteta.

Sasa tafuta fourth year. Usiulize fresha, fresha ako honeymoon, ndio anajua kuvuka barabara bila kushikwa mkono. Tafuta msee wa 4.2, mwaka wa nne sem ya pili, na umuulize swali moja: "Marks zako zote ziko?" Halafu nyamaza, cheki sura.

Hii story ya missing marks hakuna brochure itakwambia. Ulifanya CAT. Ulifanya main exam, ukasign attendance, uko na mashahidi. Portal inaonyesha hapo hakuna kitu. Unaenda kwa department, unaambiwa enda kwa lecturer. Lecturer ni part-timer, anafunza campo zingine mbili, simu haishiki. Unafanya hivyo mwaka mzima, halafu graduation list inatoka na wewe hauko. Mathe alikuwa ameshaambia chama yote, gari ya kutoka shags imelipiwa, mbuzi amenunuliwa. Kuna watu wamevunjika roho kabisa hapo, na walikuwa wamesoma. Kwa hivyo usiulize kama missing marks ziko. Uliza zinachukua muda gani kupatikana, na unaona nani. Ukiambiwa "enda kwa COD, yule mkubwa wa department, wiki mbili imeisha", fiti sana. Meza yote ikicheka, hepa.

Strike ni story tofauti. Ile ya 2025, malecturer wa public universities walitoka Septemba wakarudi Novemba, iligonga kila mahali, usilaumu campo moja. Lakini uliza walivyorudi ilikuwa aje. Kuna mahali walipanga sem upya na watu wakapumua? Ama walimwaga notes za wiki saba kwa WhatsApp wakaleta exam? Hapo ndio utajua kama wanaona comrade ni mtu.

Halafu jua ramani, please. Watu huchoma picha hapa vibaya. Mtu anaitwa UoN, anapost skyline ya tao, halafu course yake iko Kikuyu ama Upper Kabete. UoN imesambaa: Main, Chiromo, Parklands, Lower Kabete, na kila moja iko na hewa yake. Wa Main anatoka class anaingia tao na miguu, tamu sana, na pesa inaisha na hiyo miguu. JKUAT iko Juja, kilomita 36 hivi kutoka Nairobi, na ukitoka Gate C kuelekea Gachororo karibu kila mtu ni comrade: kinyozi, kibanda, cyber, jirani mwenye speaker kubwa. Kama unapenda kulala saa tatu, jipange. KU ni kubwa mpaka viatu zinalia. Moi Main iko Kesses, baridi ya nguvu, mwendo mrefu kutoka Eldoret. Maseno Equator imepita hapo hapo. Egerton iko Njoro, mashamba kila upande. Pwani iko Kilifi na bahari iko karibu, lakini bahari haifanyi CAT.

Wasee wa Nairobi hucheka hizo campo za mbali. Wacheke. Mimi nasema huko ndio kuna urafiki wa ukweli. Kwa campo ya tao, weekend ikifika kila mtu anarudi kwao Umoja, Kayole, Rongai, campo inabaki na walinzi. Kesses unaenda wapi? Hakuna mahali. Kwa hivyo mnapika pamoja, mnacheza ball, mnaanzisha choir, mnaanzisha ka-biashara ka smokie. Ukiugua roommate ndiye anakubeba. Mabeshte wa hivyo unawapata tu mahali hakuna nganya ya kukuhepesha kila Ijumaa.

Private pia ziko na hali yazo. Strathmore wanavaa rasmi, jeans imeraruka unaiacha keja. Daystar kuna chapel. Kuna watu wananawiri kabisa wakiwa na mpangilio, kama ni wewe, enda na usione haya. Shida iko kwa gharama yenye haiandikwi kwa fee structure. Simu mpya. Brunch Westi. Uber juu beshte zako hawapandi mat. Birthday ya mtu wiki hii, ingine wiki ijayo, kila moja unachanga ngiri mbili. Kuna upweke mbaya sana wa kukaa meza moja na mtu ananunua latte ya pesa yenye wewe unadishi siku mbili, na ucheke ukijifanya hujafunga. Hata public imebadilika. Fees ya thao 16 kwa mwaka iliisha, intake ya 2023 ndio ilianza na funding model mpya, na loan ya HELB ikichelewa inachelewa. Angalia comrades wamevaa nini, wanakula wapi, kisha ujiulize kama utaishi hapo bila kuigiza.

Hostel? Uliza kuhusu mapirate. Pirate ni mtu hana room, analala kwa room ya beshte, warden akipita anajificha. Room ya wanne, wanalala sita. Hii inakwambia mambo mawili pamoja: vitanda hazitoshi, na watu wa hapo wana roho safi. Pima mwenyewe. Na ujue booking ya hostel ni online, inajaa kabla ukumbuke password.

Siste, hii ni yako. Ngoja giza. Tembea kutoka library mpaka huko nje kwenye watu wame-rent keja. Taa ziko? Watu wanatembea kwa kikundi ama kila mtu na mbio zake? Mlinzi anasalimia watu na majina? Uliza dem wa second year, usiulize yule jamaa wa PR mwenye tie. Dem atakwambia njia gani hutumii saa tatu usiku, na atakwambia bila kufikiria, juu anaijua kila siku.

Na kuna ofisi moja lazima uitafute: counselling. Uliza comrades watano iko wapi. Wakijua, na mmoja aseme "niliendanga, nilisaidika", hiyo campo ina moyo. Wakikwambia hawajawahi sikia, weka hiyo akilini. First year iko na kulia kwake. Umeachwa peke yako, hakuna bell, hakuna mathe, umefeli unit ya kwanza maishani na huko home wanakuita daktari tayari. Watu hunyamaza wakipitia hiyo. Uliza mara ya mwisho mtu alizama, nani alimcheki? Roommate? Class rep? Ama ilijulikana exam ilipofika na kiti iko empty? Anko atasema stress ni ya watoto wa siku hizi. Kwa hii, Anko anyamaze kabisa.

Rudi home ukiwa na majina mawili ya campo. Kama ulikuwa umeapply vibaya, KUCCPS hufungua revision, ingia ubadilishe kabla deadline. Kama ushaingia na pamekataa, kuna inter-institution transfer, pia iko na tarehe zake, itumie mapema kabla units ziwe nyingi. Fathe akiuliza ranking, mwambie ulienda Jumanne, mtajie mess, taa, na marks za 4.2. Hana hizo data.

Na siku ya kureport, box ya chuma ya high school iache home. Duvet, ndoo, extension cable, umemaliza. School ID inakaa kwa mfuko. Lanyard shingoni mpaka Archives huko tao, hapana.