Je, Wajua? Tofali la Kuchoma, England hadi Uvira

Je, wajua kwamba Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, Aprili 1858 wakitafuta chanzo cha mto Nile? Wenyeji wakawaambia mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Wakageuza mitumbwi, wala hawakuacha hata tofali moja.

Walioleta ujenzi wa kizungu huku ni Wabelgiji, na hapo pana kichekesho. Warumi walipoondoka, England iliacha kuchoma matofali kwa karne nyingi. Ufundi huo uliporudi katika Zama za Kati, ulitoka hasa Flanders, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ubelgiji!

Je, wajua kwamba England ilitoza kodi ya matofali kuanzia 1784 hadi 1850? Kodi ilihesabiwa kwa kila tofali elfu. Wachomaji wakafanya ujanja: wakafyatua matofali makubwa zaidi. Serikali nayo ikayaongezea kodi yale makubwa.

Na mtindo wa Kiingereza wa kujenga ukuta je? Safu moja matofali hulazwa kwa urefu, inayofuata hulazwa kwa upana, vichwa vikitazama nje, safu kwa safu hadi juu. Ukipita Uvira penye ukuta wa zamani uliobanduka plasta, simama uhesabu safu. Utajua fundi alifuata mtindo gani.

Je, wajua adui wa ukuta huo ni nani? Maji. Tofali hunyonya unyevu kutoka chini, chumvi ikachanua nyeupe juu yake. Nyumba za zamani za England zilijengwa kwa chokaa, inayoruhusu unyevu kutoka. Kuzipaka saruji ni kuufungia unyevu ndani. Mimi naona hata huku fundi angefikiria mara mbili kabla ya kukandika saruji.

Na huku maji hayatoki chini tu, hutoka pia ziwani na mlimani. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, kule Kalemie. Mvua zikizidi, ziwa hupanda polepole na kushuka polepole. Mwaka 2024 liliingia majumbani Kalundu, hapa Uvira. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi mno. Tofali bichi halistahimili maji. La kuchoma hustahimili, lakini tanuru lake hula kuni, na mlima usio na miti hushusha maji kwa kasi.

Una picha ya nyumba ya zamani ya Uvira? Andika nyuma yake mwaka na jina la mtaa, leo.