Karakana ya Udongo wa Kichuguu

Misalaba ya shaba ya Katanga, kusini mwa Kongo, inajulikana sana: iko kwenye makabati ya makumbusho, na mitatu ilichorwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960. Karakana iliyoizaa ndiyo haionekani. Vifaa vyake vingi vilikuwa udongo, mti na ngozi, na havikukusudiwa kudumu.

Kazi ilianza kiangazi, mtama ukishavunwa. Kwenye vilima vya eneo la Kolwezi watu walichimba malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, wakalichambua na kuliosha mtoni. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeandika kuhusu mafundi wa kazi hii, aliiita makala yake ya 1926 “Walaji Shaba wa Katanga”.

Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Uchaguzi huo ulikuwa wa akili: mchwa wameshauchekecha udongo na kuushindilia, nao unastahimili moto kuliko udongo wa kawaida. Ndani yalipangwa makaa ya miti migumu, juu yake malakiti.

Lakini shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, na jiko la makaa lisilopulizwa halifiki huko. Hapo ndipo mvukuto ulipotawala. Mkono mmoja ukishuka, mwingine unapanda, ili upepo usikatike. Hewa iliingia tanuruni kupitia mrija wa udongo. Ncha ya mrija ilikaa motoni, ikaungua, ikapasuka. Vipande vyake ni miongoni mwa mabaki ambayo wanaakiolojia huyaokota palipoyeyushwa madini.  Waliovukuta waliulisha moto kwa saa nyingi, na bila shaka mabega ndiyo yaliyolipa.

Shaba ilichuruzika hadi shimoni chini ya tanuru. Iliyeyushwa tena ili isafike, kisha ikamiminwa kwenye kalibu yenye umbo la msalaba. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, baadhi ya wafu walizikwa na misalaba ya namna hiyo karne nyingi kabla ya wakoloni.

Leo nje ya Kolwezi kiwanda cha Luilu, kilichofunguliwa 1960, huvuna shaba kwa umeme, ikijikusanya kwenye mabamba yaliyotumbukizwa katika asidi. Hakuna mvukuto pale. Malighafi, hata hivyo, hutoka kwenye eneo lilelile.