Moto wa jikoni hauondoi kila sumu

Waingereza wengi hupenda nyama ya ng'ombe iliyoiva nje, ndani ingali nyekundu. Sisi wa Masuguru huichemsha mpaka iive kabisa, na ni vyema, kwani moto huua tegu na virusi vya homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu zaidi ya 100 nchini mwaka 2007.

Hata hivyo, moto una mipaka. Machi 1996 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa kichaa cha ng'ombe huenda kinawapata walaji. Kuchemsha hakukusaidia, kinga ilikuwa kuzuia ng'ombe wagonjwa wasifike buchani. Vivyo hivyo vibua na jodari wakikaa kwenye joto hujenga sumu isiyoondoka hata kwa kukaangwa. Mlaji huwashwa mwili na kuumwa kichwa.

Hivyo usafi uanze kabla ya jiko. Nunueni nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Nyamafu ni haramu, na hata kumchuna ni hatari, kwani virusi vya homa hiyo huingia kwa kugusa damu. Muuza samaki mwulizeni: walivuliwa lini, na walikaa kwenye barafu?