Otomesheni ya Kichujio cha Kisawazishi katika Kuunda Sauti Iliyozibwa: Mfano wa Mchezo wa Redio wa Kiswahili

Mchezo wa redio hauna jukwaa wala picha. Mhusika akiingia chumbani na kufunga mlango huku akiendelea kuzungumza, msikilizaji hulijua tendo hilo kwa sikio tu. Mlio wa komeo hautoshi, kwani sauti inayobaki wazi baada ya mlio huo humwambia msikilizaji kwamba hakuna mlango uliofungwa. Makala hii inafafanua namna kichujio cha kisawazishi kinavyoendeshwa kwa otomesheni ili kuunda sauti iliyozibwa, na inajenga hoja kwamba mwendo wa kichujio hicho hauna budi kufuata maneno ya mhusika, si mlango peke yake.

Kosa la kawaida ni kupunguza ukubwa wa sauti. Sauti iliyopunguzwa husikika ndogo, lakini haisikiki kuwa imezibwa, kwa sababu mlango hauzuii masafa yote kwa kiasi kimoja. Kwa mujibu wa kanuni ya uzito katika akustika, uzuiaji wa kizuizi cha tabaka moja huongezeka kwa takriban desibeli 6 kila masafa yanapoongezeka maradufu. Masafa ya chini hupenya. Ya juu hubaki upande wa pili. Kichujio kinachopitisha masafa ya chini huiga tabia hiyo: mhariri huweka mpaka, na nishati iliyo juu ya mpaka hupunguzwa kwa mteremko wa, kwa mfano, desibeli 12 au 24 kwa kila oktavu.

Otomesheni ni kuiandikia programu ya uhariri, kwa mstari unaochorwa sambamba na mkondo wa sauti, thamani ambayo mpaka huo unapaswa kuwa nayo kila wakati. Ugumu umo katika umbo la mstari. Ichukuliwe kwamba mpaka unashuka kutoka hezi 16,000 hadi 500 kwa sekunde 2, safari ya oktavu 5. Ukishuka kwa idadi ileile ya hezi muda wote, baada ya sekunde 1 utakuwa umefika hezi 8,250, yaani haujamaliza hata oktavu moja, na sikio litakuwa halijagundua badiliko kubwa. Oktavu 2 za mwisho, kutoka hezi 2,000 hadi 500, hupitwa kwa sekunde 0.2 hivi. Kinachosikika ni mlango uliosita kisha ukabamizwa. Mstari unaogawa muda kwa oktavu hufika hezi 2,828 katikati ya safari, na huo ndio unaosikika kama mlango unaofungwa taratibu.

Wahariri ambao programu zao haziruhusu otomesheni ya vigezo hutumia nakala mbili za sauti, moja wazi na nyingine iliyochujwa, wakishusha ya kwanza na kupandisha ya pili. Njia hiyo inafaa, ila ina mtego. Kichujio hubadili awamu ya wimbi. Kile cha Butterworth cha daraja la nne, chenye mteremko wa desibeli 24, hugeuza awamu kwa nyuzi 180 penye mpaka. Nakala mbili zikichanganywa nusu kwa nusu, mawimbi ya eneo hilo hukinzana na kuacha shimo la desibeli 17 hivi. Mteremko wa desibeli 12 hugeuza awamu kwa nyuzi 90 tu mahali hapo, na hauchimbi shimo la namna hiyo.

Suala zito zaidi ni la lugha. Irabu “i” na “u” zinakaribiana sana katika masafa ya chini. Kinachozitenganisha ni kilele cha pili cha nishati, ambacho kwa “i” huwa juu ya hezi 2,000 na kwa “u” huwa chini ya hezi 1,000 au karibu nayo. Mpaka ukiwa hezi 700, “i” hupoteza kilele hicho na kuelekea kusikika kama “u”. Mhusika aliye nyuma ya mlango akisema “Niletee simu”, msikilizaji anaweza kusikia “Niletee sumu”, na mchezo mzima ukageuka. Katika michezo ya kuelimisha jamii, kama ulivyokuwa *Twende na Wakati* wa Radio Tanzania ulioanza mwaka 1993, neno moja lililopotea linaweza kuwa ndilo lililobeba ujumbe.

Hivyo basi, mstari wa otomesheni unafaa uwe na kituo: ushuke hadi hezi 2,500 mlango unapofungwa, utulie hapo mpaka neno lenye uzito lipite, ndipo uendelee kushuka. Kituo hicho huokoa irabu, lakini hakiokoi vikwamizo. Nishati ya “s” iko zaidi juu ya hezi 4,000, na sehemu kubwa ya ile ya “sh” huwa juu ya mpaka huo wa 2,500, kwa hiyo “sindano” na “shindano” hubaki na dalili hafifu tu za kuyatofautisha. Hapo dawa ni kumwomba mtunzi alihamishe neno lisemwe kabla mlango haujafungwa.

Mwisho wa mstari nao hautakiwi kuamuliwa kwa spika kubwa za studio pekee. Spika ndogo ya simu au ya redio ya mkononi hutoa kwa udhaifu masafa yaliyo chini ya hezi 300 hivi. Mpaka ukiwa hezi 500, kinachobaki kusikika ni ukanda mwembamba mno. Kwa wasikilizaji wa vifaa hivyo, hezi 800 hutosha kuonyesha kwamba mlango umefungwa.